Upepo Niliotoa Kule Sange

Bukavu, Kadutu
Siku ya tatu, tarehe 12 Juni 2024

Mupendwa ndugu yangu Gérard,

Amani ya Bwana ikukute huko Lubumbashi, wewe na maman Gisèle na watoto. Mugongo wako unaendeleaje? Baridi ya mwezi wa sita huko kwenu haina huruma, basi vaa ile tricot niliyokufumia, usiiache tu mu valizi. Na Ornella amemaliza mitihani? Mwambie shangazi yake anamuombea kila asubuhi.

Sisi tuko. Mama yetu anakula, anasali, anagombana na kuku. Mukono wake ungali mu plasta lakini vidole vinacheza vizuri, na daktari amesema wiki mbili tena wataitoa. Usiwe na wasiwasi juu yake. Wasiwasi ninao mimi, na si ya mukono.

Gérard, keti kwanza. Barua hii nimempa maman Micheline wa korali yetu, anayepanda ndege kesho, ili ikufikie kabla ya Jumapili, siku ya Mungu. Kwa simu sikuweza. Kila nikipiga unaanza wewe kusema, na mimi moyoni nashukuru kwamba umeanza wewe.

Siku ya Mungu Patrice, mudogo wetu, atakuja kuchukua ufunguo wa gari kwa Yannick wangu, jinsi ulivyoamuru. Gari ni yako, kwa hiyo sina neno. Lakini Yannick, mutoto wangu, umemuhukumu kwa kosa ambalo si lake.

Unakumbuka zile janti, chuma za magurudumu, zile kubwa za dix-sept ulizotutumia kwa Pasaka, ziondoe zile ndogo za quinze zilizopinda. Ni nzuri, watu wa kartie walikuja kuziangalia kama arusi. Lakini mipira yake ni mifupi, kati ya chuma na barabara hakuna nyama mingi. Kwado wetu, fundi wa mipira, alijaza upepo kwa kupiga teke na kusikiliza. Gari ikaruka-ruka mupaka mama akasema afadhali abebwe mugongoni. Yannick akapunguza, nayo ikawa inalala mu kona kama mulevi. Ndipo wewe ukauliza fundi wa kazini kwako, ukatutumia sauti: ile karatasi ya 2,3 mulangoni mwa gari ni ya mipira ya zamani, muisahau, muanzie upepo wa bar 2,6, na mupime asubuhi mipira ikiwa baridi.

Yannick hakuishia hapo. Alichora chaki juu ya mupira, akaendesha kidogo mu uwanja wa parokia, akashuka kuangalia chaki imefutika wapi. Ikifutika katikati tu, upepo ni mwingi. Ikifutika pembeni tu, ni kidogo. Siku nne alifanya hivyo. Padri akamuuliza kama anafundisha gari kuandika. Mwisho chaki ilifutika sawasawa: 2,6 gari ikiwa tupu, 2,7 tukijaa. Nakuambia haya ujue ni mutu wa namna gani unayemunyanganya ufunguo.

Pentekoste tulishuka Sange kwa ubatizo wa mutoto wa Élodie, binti yangu. Tulikuwa watu saba ndani. Asubuhi hapa Bukavu Yannick alipima: 2,7. Baada ya Misa, jua la bonde la Ruzizi likiwa juu ya kichwa, nilimwona kwado pale kando ya barabara nikamwambia apime. Manometre, kile kipimo chake cha upepo, ikasema 3,1.

Yule kwado akacheka: "Mama, hii mipira imevimba kama tumbo ya mheshimiwa député. Jua ya hapa haiheshimu mutu wa Bukavu. Toeni upepo, kila dereva anatoa."

Yannick akasema, "Mama, usiguse. Ni joto tu. Tukifika juu kwenye baridi itashuka yenyewe."

"Ishuke namna gani, na hakuna aliyeitoboa?"

"Mama, tonton alisema tupime baridi."

"Tonton wako iko Lubumbashi. Marehemu baba yako aliendesha hii gari miaka tisa na 2,3, na hakuangusha hata yai. Wewe na chaki yako umemupita?"

Akasogea kando kumupisha kwado. Kwado akatoa upepo mu mipira yote ine mupaka 2,3 ya mulangoni, nami nilisimama pale, mukono kiunoni, nikihakikisha.

Tukirudi Bukavu, huko juu mulimani Ngomo tulikuta mvua na ukungu. Ile 2,3 ya jua ikashuka tena kwa baridi, gari ikawa nzito, kama mutu anayevuta miguu. Yannick akasema inavuta kushoto, anataka kusimama. Mimi nikasema mama anasikia baridi, twende. Mu kona tukaingia shimo lenye jiwe, mupira wa mbele ukatoka mu janti, na gari ikateleza kwa upande wa bonde. Gérard, niliona miti kutoka juu. Sikuweza hata kumaliza Salamu Maria. Yannick aliivuta kwa nguvu upande wa mulima, tukagonga udongo, mama akaangukia mukono wake.

Ulipopiga simu hospitali, Patrice aliweka sauti kubwa sote tusikie. Uliuliza nani alitoa upepo. Yannick aliniangalia kidogo tu, akasema, "Ni mimi, tonton. Unisamehe." Ukamwambia alitaka kuua mama yako. Mimi nilikuwa nimeshika kiatu cha mama, nikanyamaza. Tangu pale siku makumi mbili na ine nimenyamaza, mimi niliye prezidanti wa mamans wa shirika letu, ninayefundisha wengine kuungama.

Basi nami nimeungama. Padri aliniambia rozari nitaisali, lakini kalamu kwanza.

Jana nilimuuliza Yannick kwa nini alibeba kosa langu. Alijibu, "Mama, wangecheka ile 2,3 ya papa yangu. Wangesema ni yeye alikufundisha vibaya." Marehemu mume wangu hakukosea, Gérard. Kwa mipira yake hesabu ilikuwa sawa. Ni mimi niliyeivalisha mipira isiyo yake.

Leo asubuhi nilimkuta amechutama karibu na gari, mipira ingali baridi, akipima mumoja mumoja, na ataiendesha siku tatu tu tena. Kisha akaandika karatasi kwa ajili ya Patrice, akaibandika mbele ya usukani: "2,6. Mukijaa 2,7. Pima asubuhi. Usitoe upepo Sange." Hakuandika nani aliyeutoa.

Siku ya Mungu, kabla Patrice hajanyoosha mukono, nitayasema haya yote mama akisikia. Nitayasema hata kama hujanijibu. Ufunguo ukibaki kwa Yannick au ukienda, ni wewe. Lakini umupigie yeye mwenyewe, si mimi, uondoe lile neno la kuua.

Msalimie maman Gisèle, na Ornella, na wadogo wote. Mama anakubariki kwa mukono wa kushoto, anasema wa kuume ukipona atarudilia. Bwana alinde kuingia kwako na kutoka kwako, na barabara zako zote.

Mimi dada yako, anayekupenda, na ndiye aliyetoa upepo,

Adélaïde