Mwalimu Nzuki, Baba Aliyekubali Kukosolewa na Binti Yake

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu tulipokulaza kaburini nyumbani Matiliku, na leo tunakuandikia tukiwa na habari njema.

Wengi walikujua kama mwalimu wa fizikia, shati limepigwa pasi, vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Sisi tunaijua siku uliyobadilika. Nduku, kitinda mimba wako, alikuwa darasani kwako, kidato cha pili. Tukila chakula cha jioni akakuambia, "Baba, muhula mzima hujaniuliza swali hata moja. Unauliza wavulana wa mbele tu."

Ulikasirika. "Si ni nyinyi wasichana hamnyooshi mikono!"

Lakini kesho yake ulimwomba mwalimu Kalekye akae nyuma ya darasa, aandike kila jina unalotaja. Uliuliza maswali thelathini na moja. Wasichana ulioowataja walikuwa wawili tu. Ulirudi nyumbani chakula kikakushinda, ukamwita Nduku. "Nisamehe, mwanangu."

Tangu hapo ulijifunza kuuliza, halafu kungoja, ili hata mwoga apate kufikiri. Kwenye maabara, msichana aliyezoea kuandika matokeo tu, naye akashika nyaya. Jumamosi ukawa unazunguka Kibwezi hadi Kitui kufundisha walimu wenzako, na kila mara ulianza na kosa lako mwenyewe. Ndiyo maana walikusikiliza.

Katika shule moja mjini Sultan Hamud, mwalimu Mutisya alikupinga mbele ya watu. "Mzee, wasichana wa hapa fizikia hawaiwezi. Tusidanganyane."

Ulimwomba darasa lake kwa nusu saa. Humo darasani alikuwamo Ikran, binti wa mwenye duka, ambaye hakuwahi kufungua mdomo darasani. Ulimuuliza kwa nini balbu hufifia ukiunganisha nyingine mfululizo nayo. Ukangoja. Wenzake wakaanza kucheka, ukawanyamazisha, ukangoja tena. Akasimama, akaeleza, akachora saketi nzima ubaoni. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mutisya.

Sasa sikia, Baba. Shule hiyo ilikuwa na wasichana watatu wa fizikia. Safari hii wasichana arobaini na mmoja wamefanya mtihani, na wote wamepita! Ikran anaenda chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme. Mafunzo yako ya Jumamosi anayaongoza Mutisya. Alitupigia simu akipiga kelele, "Mwambieni mzee ameshinda!"

Ndiyo tunakuambia.

Tunaokukumbuka ni mkeo Nzilani, wanao Muthama na Nduku, ambaye sasa ni mwalimu wa fizikia, wajukuu, na walimu wako wote wa Makueni na Kitui. Maadamu tuko hai, Baba, jina lako halitakosa kutajwa.