Mwache Apumzike

Kwako mke mwenzangu Sindano,

Nakusalimu kwanza, maana hata anayestahili kugombezwa husalimiwa. Hujambo? Unakula? Unalala? Mimi sijambo, ila magoti yananisengenya kila nikiinuka. Sasa nikugombeze. Babu yako alikubandika jina la Sindano kwa kuwa ulikuwa mdogo halafu mkali. Naona umelitimiza jina: umedondoka, umepotea, na sisi tumebaki kupapasa sakafu. Chuo gani hicho kisicho na mlango wa kutokea? Paka uliyemwacha kitoto sasa ana wajukuu, na wewe hujarudi hata kuchukua sweta lako.

Anayeniandikia ni jirani yetu, mwalimu wa chekechea. Wajua mimi shule nimeingia kwa mlango wa jikoni tu, kwenda kupika, na kalamu niliyoishika ni mwiko. Nimemwambia aandike kama nilivyosema, asiyapake maneno yangu poda. Ameahidi, lakini namwona anasita sita.

Shangazi yako amenisomea ule ujumbe wako mrefu. Nilimwomba arudie, kisha nikamwomba arudie tena, mpaka akaniuliza kama masikio yangu yameanza likizo. Kumbe unataka kuacha uuguzi. Unasema labda ualimu, labda ustawi wa jamii kama shangazi yako, labda kazi yoyote isiyo na kitanda cha mgonjwa ndani yake. Na sababu umeitaja. Nami nataka kuirudia hapa, uone kwamba nimeisikia sawasawa.

Umesema mzee mmoja alikata roho katika wodi yenu, na sista mkuu alikuwa ameshikwa na mgonjwa mwingine. Mkewe yule mzee akaja mlangoni na chupa yake ya uji, akakuuliza mume wake anaendeleaje. Wewe ukamwambia amepumzika. Akakushukuru. Akakaa kwenye benchi, chupa mapajani, akawa anawaomba watu wa kwenye korido washushe sauti, kwamba mume wake hajapata usingizi siku nyingi, wamwache apumzike. Ukapita mbele yake ukashindwa kurudia. Mpaka sista mkuu alipotoka akamwambia kwa neno lenyewe. Umesema yule mama hakupiga kelele. Alikutazama tu, akaifunga vizuri ile chupa ya uji. Na tangu hapo kila ukivaa sare unaona macho yale.

Mjukuu wangu, nimeyaona macho hayo na mimi, ingawa sikuwapo.

Nikuambie habari ya hizo kazi unazokimbilia. Mwalimu huyu anayeniandikia, wiki iliyopita alimwita mzazi mmoja akamweleza kwamba mtoto wake hasikii, kwamba yale wanayomchapia nyumbani si ukaidi, ni masikio. Hapa mwalimu ananiambia nisiandike habari za watoto wa watu. Nimemwambia sijataja jina, aandike. Naye alizunguka zunguka, akaanza kwa kusifu michoro ya mtoto, na mzazi akaondoka akidhani amesifiwa. Ikabidi amkimbilie hadi barabarani. Shangazi yako naye juzi ilimlazimu kumwambia baba mmoja kwamba watoto hawatalala kwake tena mpaka aache pombe. Alirudi, akavua viatu, akakaa jikoni kwangu mpaka chai ikapoa. Basi kimbia utakavyo. Kazi ya watu ni kazi ya watu. Ukiwatibu, ukiwafundisha, ukiwatembelea majumbani mwao, iko siku utasimama mbele ya mtu na neno ambalo yeye hana hamu ya kulisikia, na wewe huna ruhusa ya kulimeza.

Nimesema hayo kwa ukali kwa sababu naogopa kufika ninakokwenda.

Umeona shangazi yako alivyokujibu. Ujumbe wako ulikuwa mrefu kama treni, yeye akakurudishia “sawa” peke yake. Najua ilikuchoma. Usimchukie. Amekukasirikia kwa jambo ambalo wewe hulijui, na aliyekuficha si yeye. Anadhani unajua. Nyumba nzima inadhani unajua. Walikuwekea nafasi garini, wakachungulia barabara, wakasema subirini kidogo, kisha wakasema twendeni.

Unakumbuka ile simu niliyokupigia ukiwa unakimbilia zamu? Nilikuwa nimesimama uani karibu na benchi la babu yako la useremala, lile alilokuwa akitengenezea madawati ya shule. Simu ya kukuambia niliidai mwenyewe. Shangazi yako alitaka kukupigia, nikamwambia huyu nimembeba mgongoni tangu mama yake alipofariki, nitamwambia mimi. Nikakupigia. Nikakuambia, Sindano, babu yako amepumzika.

Nawe ukasema, afadhali bibi, usimwamshe, mwache apumzike, akiamka mwambie daktari wake anamsalimu. Nikasikia mtu anakuita, simu ikakatika. Nikapiga tena, nikakuta umeifungia kabatini kama mnavyoamriwa. Nikarudi ndani wakaniuliza kama nimekuambia. Nikasema nimemwambia.

Mke mwenzangu, mume wetu amekufa.

Alikufa asubuhi ile ile, kabla ya chai, ameegemea mito miwili kwa sababu ya kifua. Hakuteseka mwishoni. Alikuwa ananilaumu kwamba mito nimeipanga kama matofali, na kwamba daktari wake, yaani wewe, angekuwepo angeipanga inavyotakiwa. Ndiyo lawama yake ya mwisho. Nikacheka, nikageuka kulifungua dirisha, nilipogeuka tena alikuwa ametulia, mdomo bado umekaa mkao wa kubisha. Tulimzika kesho yake.

Mwalimu ameweka kalamu chini, anapangusa pua. Nimemwambia aishike, hatujamaliza.

Utaniuliza kwa nini sikupiga siku iliyofuata. Nilijidanganya kwamba umeelewa, kwamba yale maneno yako ya usimwamshe ni namna yako ya kumlilia. Nikajiambia mtoto yuko kwenye mitihani, ana moyo mgumu, atakuja. Watu wakikuteta sebuleni mimi nanyamaza, nachochea moto. Kisha shangazi yako akanisomea habari ya yule mama na chupa yake, na nikajiona mimi nimeketi kwenye lile benchi, na wewe pia umeketi ubavuni kwangu, tunawaambia watu washushe sauti. Neno ni lile lile. Nani alikufundisha kama si mimi? Katika nyumba yangu hakuna aliyewahi kufa. Wametutoka, wametangulia, wamepumzika. Tumeyapamba maneno mpaka hayawezi kubeba maiti.

Shangazi yako nimeshamweleza yote leo, kabla mwalimu hajaja. Akaniambia mama, umemwacha mtoto anamsalimu marehemu. Halafu akaenda kulia bafuni, akafungulia bomba tusisikie. Atakupigia. Ukiona simu yake, pokea.

Na sweta lako lile. Babu yako alikuwa akilifunga mabegani asubuhi za baridi, akisema anavaa dawa. Sijalifua.

Kuacha uuguzi au kutoacha, hilo ni lako. Mimi ni mpishi, sijui kupangia mtu maisha. Lakini usiache kwa sababu ya neno ambalo hujajaribu kulisema. Hujashindwa, mwanangu. Ulitumia kile tulichokupa nyumbani, na tulichokupa kilikuwa na tundu.

Nisalimie wenzako wa bwenini, na yule sista mkuu, mwambie bibi yako anamheshimu. Mwalimu anakusalimu kwa machozi. Paka na ukoo wake hawajambo.

Utakapokuja, usiache kuja na sare yako. Usipite sebuleni, watakudaka wakulilie kabla hujanifikia. Zunguka nyuma, uivae pale uani, uingie kwa mlango wa jikoni. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye kigoda changu. Vuta kingine uketi mbele yangu, magoti yako yaguse yangu, unishike mikono yote miwili. Kisha uniambie kwa kinywa chako, taratibu, kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa: Bibi, babu amekufa. Usilipambe. Nami nitakulilia kama ndiyo kwanza nasikia.

Ni mimi bibi yako,
mke mkubwa