Mto wa Mama Mkwe Kwenye Tundu la Hewa

Bi Elfryda, nakuja kwenye safu yako ya ushauri gazetini kwa sababu hapa Bytom sina tena wa kumweleza, mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mchimba makaa mstaafu, na nakuandikia nikiwa nimevaa koti mezani kwangu mwenyewe, si kwa umaskini bali kwa akili, maana tangu watuondolee majiko ya makaa na kutuwekea mtambo wa gesi bafuni, ule unaopasha maji na vyumba pamoja, kila bili inayokuja inanitoa jasho na baridi hii, basi nikasema sikubali, nikaweka madirisha mapya ya plastiki yasiyopitisha hata unyuzi wa upepo, nikaziba upenyo wa mlango kwa blanketi, na lile tundu la hewa la bafuni, lililokuwa linatoa joto langu nje kama halina mwenyewe, nikalisindilia mto wa manyoya wa marehemu mama mkwe, ukakaa barabara utadhani ulishonwa kwa kazi hiyo.

Tatizo ni mke wangu, Trudka, yeye ndiye anayefua na kupika na kushinda ndani, mimi asubuhi nikishakunywa kahawa napanda darini kwa njiwa wangu na kushuka saa ya chakula, na tangu Novemba ana wimbo mmoja, “Alojz, kichwa kinanipasuka,” na akitoka kuoga anasema miguu haina nguvu na kichefuchefu kimemshika, nami nikamwambia, “Kunywa chai ya limau, mama, vaa na sweta, hila zako nazijua, unataka nikuongezee moto,” akasema, “Nani kataka moto? Nataka hewa! Toa huo mto,” nikamjibu mto ni wa mama yake auheshimu, hapo tukarushiana maneno, akafungasha akaenda Zabrze kwa dada yake, na kinachoniuma zaidi ni kwamba kule kichwa kilipona siku ile ile, anacheka, anaoka keki, kumbe muda wote alikuwa ananiigizia.

Tena msafisha dohani alikuja kukagua kama kila mwaka, nikautoa mto nikauficha kabatini, akaweka kipimo chake kwenye tundu akasema linavuta hewa vizuri, akatia saini, nami nilipoziona tu zile nguo zake nyeusi nilishika kifungo cha koti nikaomba bahati kama tulivyofundishwa utotoni, kwamba msafisha dohani huleta bahati, na kabla hajafika ghorofa ya juu mto ulikuwa umesharudi kazini, sasa karatasi ninayo kwamba nyumba ni salama, Trudka anataka nini zaidi? Niambie nimwambie nini arudi kabla ya mkesha wa Krismasi, maana samaki wa usiku huo siwezi kumpika mwenyewe, na bila yeye nyumba imekuwa kubwa mno, ila bili isipande.

Alojz, Bytom

*

Bwana Alojz, weka gazeti chini. Nenda bafuni, zima mtambo, toa huo mto, fungua dirisha lote. Kisha urudi tuzungumze.

Umerudi? Sikiliza sasa. Mkeo haigizi. Kichwa kinachouma kwako na kupona kwa dada yake ni dalili ya hewa ya sumu, ile isiyo na harufu wala rangi, ambayo moto wa gesi huitoa ukikosa pa kupumulia. Wewe umepona kwa sababu unashinda na njiwa, na nakisia unaoga Jumamosi kwa Jumamosi. Trudka asingekasirika akaondoka, leo ungekuwa unamzika.

Bili zinauma, najua, hata mimi naandika haya nimevaa sweta mbili. Lakini ukashika kifungo kuomba bahati huku mto uko kabatini! Bahati ilikuja mpaka mlangoni kwako, wewe ukaidanganya. Mwite tena yule msafisha dohani, umweleze ukweli wote hata akikutukana, na fundi wa gesi naye aukague mtambo. Usiuwashe kabla hawajasema sawa. Nunua king'ora cha hewa ya sumu, bei yake si kubwa kuliko mahindi ya njiwa wako. Na Trudka aende kwa daktari, amweleze habari ya mto bila kukuonea aibu.

Ukitaka kubana matumizi, mbona njia zipo? Punguza moto digrii moja tu, hutakufa. Bandika karatasi ya kung'aa nyuma ya vipasha joto vya ukutani, uondoe nguo mbichi ulizovianikia. Mapazia mazito yafungwe jua likizama, lakini yasivifunike. Chumba msichokitumia, funga mlango wake. Fungua madirisha wazi dakika tano asubuhi, kuliko kuyaacha nusu wazi kutwa nzima. Tundu la hewa usiliguse, hata kwa soksi.

Jambo moja limenichoma, maana nami ni mjane wa mchimba makaa. Huko chini mwenzako angesema kichwa kinampasuka na miguu haina nguvu, ungempa chai ya limau? Ungembeba mgongoni mpaka kwenye hewa safi, ndipo umuulize. Kipimo kikilia mgodini hakuna anayekibishia. Nyumbani kwako kipimo kilikuwa Trudka, kimelia tangu Novemba, nawe ukakiita cha uongo.

Panda basi uende Zabrze ukamwambie hivyo, mbele ya dada yake. Kurudi au kutorudi ni juu yake. Samaki mpike wewe.