Jioni Uliyoomba Kijiko

Baba Mdogo wangu,

Shikamoo. Bado naitoa salamu hii kila nikikukumbuka, na bado nangoja kidogo, kana kwamba utaniitikia "marahaba, mwanangu" kwa ile sauti yako ya kukwaruza. Handeni mvua zimenyesha vizuri. Mama Mdogo ameshapalilia mahindi yote ya bondeni. Zainabu amepanda darasa. Nimetanguliza habari njema makusudi, maana zilizobaki ni nzito kwangu.

Nataka tuzungumze kuhusu ile siku ya sherehe.

Ulikuja kwangu Masuguru kutoka Kwamsisi, ukiwa umepakata kuku mweupe kwenye kikapu, ukasema utakaa wiki mbili. Zainabu alikuwa anatimiza miaka tisa na alikuwa ameniganda: hataki keki, anataka sherehe ya mazimwi. Mazimwi yenyewe aliyatoa kwako, kwa zile hadithi zako za Kwamsisi. Kisha akaona kwenye simu yangu jeli nyekundu yenye umbo la mkono wa mtu, imelazwa kwenye sinia, inatikisika. "Mama, huo ndio mkono wa zimwi wa Babu! Nitengenezee."

Tukaitengeneza wote watatu. Ulikaa kwenye kigoda jikoni, ukaichukua pakiti, ukainusa.

"Kitu hiki kinatokana na nini?"

"Jelatini, baba. Wanaitoa kwenye ngozi na mifupa. Hii wameandika ni ya ng'ombe."

Ukafikiri kidogo, kisha ukacheka mpaka kofia ikakuteleza. "Kumbe ni kongoro tu! Supu ya kongoro ikipoa si inaganda hivihivi? Nyie mnaipaka rangi, mnaiita sherehe."

Niliukoroga unga kwenye maji ya moto, nikaacha upoe kidogo. Ilipofika zamu ya kuijaza glavu ya mpira, ili jeli igande kwa umbo la mkono, wewe ndiye uliyenishikia. Upande mmoja uliushika kwa mkono wa kushoto, upande mwingine kwa gumba na kidole cha shahada, ndivyo pekee vilivyobaki kwenye mkono wako wa kulia. "Mimina taratibu," ukaniambia. "Hivi viwili nilivyobakiza nina kazi navyo." Tukacheka. Ulikuwa utani wako mwenyewe, na jikoni tulikuwa sisi tu.

Nilikuwa na miaka sita uliponichukua Kwamsisi baada ya baba yangu mzazi kufariki, ukanipeleka Ngombezi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge. Mkono wako niliujua ukiwa hivyo. Nilijua tu kwamba ni mashine ya kiwandani, basi. Ndio ulionishika kwenda shule na ndio uliokuwa unanimegea ugali. Sikuuona kama mkono uliopungukiwa na kitu.

Siku ya sherehe nilifunga mapazia, tukabandika karatasi nyeusi ukutani. Nilikuwa nimewaalika wenzangu wa kazini na watoto wao, na nitakuambia ukweli, nilitaka waone kwamba na mimi najua kufanya mambo. Wewe ulikaa kwenye kochi la pembeni, umevaa koti lako la Idi. Nikaleta sinia, nikaanza kuichana glavu kwa mkasi. Watoto walisogea karibu. Kiganja kikatoka vizuri. Lakini vidole viwili vikang'ang'ania ndani ya glavu, vikakatika.

Haukufanana na wako, baba. Ule ulibaki na vidole vitatu. Lakini Zainabu aliruka, akapiga makofi: "Mama! Umekuwa mkono wa Babu!"

Alisema kwa furaha. Mtoto yule anaupenda mkono wako. Si ulikuwa unamwachia aupime na wake? Ila mgeni mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata, na watoto wote wakageuka kukutazama. Kuna mmoja alisogea mpaka kwenye kochi, akainama ili auone vizuri.

Na mimi nikacheka. Nilikuwa nimeogopa jeli imeniharibikia mbele za watu, kicheko kile kikaniokoa, nikakidaka. Nikacheka kwa sauti kuliko wote. Wewe ulitabasamu. Kisha ukauingiza mkono kwenye mfuko wa koti, na haukutoka tena. Kipande chako cha jeli ulikila kwa mkono wa kushoto, wewe uliyenichapa utotoni kwa kula hivyo.

Jioni wageni walipoondoka niliandaa ugali na mchicha. Nikakunawisha. Uliutazama ugali, ukasema kwa upole, "Mwanangu, naomba kijiko."

Sikuwahi kukuona ukila ugali kwa kijiko. Nilielewa palepale, baba. Ndiyo sababu siwezi kujitetea. Nilielewa, nikaenda jikoni, nikakileta, nikakifuta kwa ncha ya kanga, nikakupa. Na maneno niliyopata kukuambia yalikuwa, "Ongeza mboga, baba."

Asubuhi ukaaga.

"Si ulisema wiki mbili?"

"Ndege watanimalizia mtama."

Nikakusindikiza stendi, nikakununulia maji na mkate wa safarini. Basi lilipoondoka ulinipungia mkono wa kushoto.

Baada ya hapo tuliongea kwenye simu mara nyingi: mtama, mbuzi, kikohozi chako. Kila mara nilijiambia kwamba jambo kama lile haliongeleki kwenye simu, nitakuja nikae mbele yako niseme. Nilikuwa nasubiri likizo. Kikohozi hakikusubiri. Mama Mdogo aliponipigia nilipanda gari la kwanza, lakini nilipofika Kwamsisi nilikuta umeshavishwa sanda.

Baada ya kuondoa matanga nilikaa na Mama Mdogo tukimenya mihogo, nikamweleza yote. Hakuacha kumenya. "Alinisimulia," akasema. "Alisema jeli ilikuwa tamu."

"Alikasirika?"

"Hapana. Siku mbili tatu alikaa peke yake shambani, kisha akaendelea na kazi zake."

Zainabu alikuwa amekaa karibu, akauliza, "Bibi, vidole vya Babu vilienda wapi?" Mama Mdogo akanitazama mimi, akingoja nijibu. Nikachukua muhogo mwingine.

"Hukumuuliza hata siku moja?"

"Niliona ndiyo adabu, mama."

"Basi wengine wote walimuuliza. Huyu alimwambia ni fisi, yule alimwambia kaviweka rehani. Ya kweli alikuwa anakuwekea wewe. Alikuwa akisema, siku binti yangu akiniuliza nitamweleza."

Nikamwomba anieleze yeye. Akaweka kisu chini.

Akaniambia ulikuwa kwenye mashine unalisha mkonge, mtu akaja kukunong'oneza kwamba kaka yako amefariki. Uligeuza uso kumtazama aliyesema. Mkono ukaendelea na kazi peke yake. Ndiyo maana hukuwahi mazishi ya baba, ulikuwa umelazwa. Walipokuruhusu hukupitia nyumbani. Ulikwenda moja kwa moja Kwamsisi kunichukua.

Baba, nilikuwa mdogo, lakini hilo nalikumbuka. Nakumbuka mtu anakuja njiani na mkono wake umefungwa kitambaa cheupe, kinene. Siku zote nilidhani ni ndoto. Mama Mdogo anasema nilikukimbilia nikidhani umenifungia andazi, nikalia unipe. Watu wa msibani wakaona aibu, wakataka kuniondoa. Ukawakataza. Ukaenda mpaka dukani na mkono ule unaovuja damu, ukarudi na andazi, ukanikalisha pajani mpaka nikalimaliza.

Ningepoteza nini kukuuliza? Ningeuliza swali moja tu, ungenisimulia mwenyewe, na siku ile sebuleni ningejua ninacheka nini.

Nimemweleza Zainabu yote. Alilia, kisha akasema anataka kuja kukuomba radhi, nikamwambia yeye hana kosa. Tulikuja pamoja Ijumaa. Yeye alisoma dua aliyofundishwa madrasa. Mimi niling'oa magugu kuzunguka kaburi lako mpaka yakaisha, na yalipoisha nikabaki nimechuchumaa palepale.

Nisamehe, baba. Mungu akupumzishe mahali pema, na akuambie yale niliyochelewa kuyasema.

Mimi mwanao,
uliyemnunulia andazi.