Ufa wa Chumba cha Shosho

Baba na Mama,

Someni hii kabla Shosho hajarudi kutoka shambani. Githeri imo kwenye sufuria, ipasheni moto tu. ~~Kila kitu kiko sawa.~~ Sijui kama kila kitu kiko sawa.

Baba, ulisema ufa ulio chumbani kwake ni wa plasta tu, kama ile mistari ya sebuleni. Ya sebuleni nakubali. Ni myembamba kama unywele na haijawahi kuongezeka. Lakini huu umeshuka mshazari kutoka kona ya dirisha, unaonekana hata nje, na mlango umeanza kukwama. Ndiyo maana nilibandika karatasi juu yake kwa gundi. Ukuta ukisogea, karatasi ipasuke.

Leo asubuhi nimeikuta imepasuka. Nikapiga kelele. Shosho akasema, "Nimeipasua mimi, Waithera. Nyumba aliyojenga babu yako haifungwi bandeji kama mgonjwa."

Sasa nimechanganyikiwa. Labda ni yeye kweli. Labda ni ukuta, naye ananificha ili asihamishwe. Nilipomuuliza tena alicheka: "Digrii yote hiyo, na bado waniuliza mimi?"

Nimeenda mjini kumleta Makhanu, yule mhandisi niliyesoma naye. Tukichelewa, tafadhali Shosho asilale chumbani kwake. Msimtajie ufa, atakataa. Mwambieni ni mimi ninayeogopa kulala peke yangu. Hapo atakuja chumbani kwangu.

Kitinda mimba wenu