Joka Lako Limehamia Kingstanding

Mtani wangu Chan, mla majongoo,

Sikuamkii. Wewe ni mdogo kwangu kwa miaka miwili, shikamoo ilikuwa yako kuanza, na badala ya kunipa shikamoo ukafa bila kuaga. Nimekaa mezani kwangu Kingstanding, huku Birmingham, kalamu ni ya Mama Kulwa, ile anayoandikia mahubiri, na mke wangu huyu akijua naitumia kukuandikia wewe atanichoma nayo. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilitoroka kabla ya mtihani, kwa hiyo usinisahihishe. Wewe nawe hukunizidi shule. Ulinizidi miwani tu.

Habari yenyewe ni moja. Sebule yako ya Acocks Green ilihukumiwa kutupwa yote, mimea, picha, taa, kila kitu. Nikakataa. Sasa sikia nilivyokataa.

Nianzie mazishini, maana ulikuwepo lakini hukuwa unasikiliza. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema eti ulikuwa mpole. Nikamgeukia Mama Kulwa nikamuuliza kama tumekosea kaburi. Wewe mpole? Wewe uliyemfukuza msoma mita kwa mwiko? Ilipofika zamu yangu nikafanya kazi ya mtani. Nikavaa kofia yako ya sufi, nikakunja mgongo, nikakohoa kile kikohozi chako cha trekta, halafu kwa sauti yako nikauliza: "Nani kahamisha mmea wangu?" Kwetu Tabora watu wangecheka mpaka wakae chini, na baada ya kucheka wangelia vizuri. Hapa Birmingham walitazama viatu vyao. Binti yako Lin alinishika mkono, akaniambia kwa Kiingereza, "Si leo, Anko." Akaondoka na hakusema nami tena siku ile.

Ile ndiyo iliyoniuma, Mtani. Kufa kwako nilishakuzoea. Ulikuwa unatishia kufa tangu ustaafu.

Wiki mbili zikapita, nikasikia Lin anafunga nyumba yako. Mwenye nyumba anaitaka tupu, kuta nyeupe, kila msumari ung'olewe. Nikapanda basi. Nafika nakuta kontena la taka limesimama mbele ya mlango kama ng'ombe, na mianzi yako imo ndani, kichwa chini, miguu juu. Taa zako nyekundu za karatasi zimekanyagwa, mbili zimepona. Mapazia yako ya kanga yamefungiwa vyombo vilivyovunjika. Ile miaka ishirini yote, tangu mama yake Lin alipofariki na wewe ukaanza kupamba badala ya kulia, imo kwenye chuma.

Nilimkuta Lin jikoni amekaa juu ya boksi. Nikamwambia, mwanangu, hii ni China ya baba yako. Akanijibu hakuna China pale. Nusu ya vitu vimetoka maduka ya mitumba, na wenzake wa shule wenye wazazi wa kutoka Hong Kong walikuwa wakija wakicheka.

Na kweli, Mtani, hebu tusidanganyane sasa hivi. China uliionea kwenye televisheni, kama mimi. Ulizaliwa Unguja, baba yako akianika majongoo ya bahari juu ya paa, anayapeleka kwao China yakaliwe, na yeye mwenyewe asirudi kwao hata siku moja. Ukaja huku ukiwa kijana, unaongea Kiswahili cha Unguja mpaka watu wanatafuta Mswahili aliyejificha nyuma yako. Ile mitungi ya bluu yenye ndege uliinunua Ladypool Road, kwa yule Mhindi wa Kisumu, mkivutana bei kwa Kiswahili mpaka wateja wengine wakaondoka. Ule mdimu wa kwenye chungu ulizaa ndimu tatu maisha yake yote na ukazipiga picha. Na yule samaki wa bahati uliyemchora mwenyewe ana sura ya changu aliyefiwa.

Lakini ilikuwa sebule, bwana. Mtu akiingia kutoka kwenye mvua ya huku, anakutana na majani mpaka usawa wa masikio, na ule wekundu, na lile joka la mbao linamtazama kama limemtambua. Nilikuwa nakuja pale kila Jumatano kukutukana na narudi nyumbani nimepona.

Halafu ile karatasi ya baba yako. Ndiyo, nitaisema. Karatasi moja ya mzee, maandishi ya Kichina ya brashi, ndani ya fremu ya dhahabu, ukutani pa heshima. Kila mwaka mpya wa Kichina unaweka chungwa chini yake na kuinamisha kichwa. Mwenyewe huwezi kusoma hata alama moja, lakini ulituambia ni wasia wa mababu. Mpaka siku ile alipokuja mwanafunzi wa kutoka China kununua baiskeli yako. Akasimama akasoma. Akasoma tena. Akatutafsiria kwa aibu: "Usishike majongoo kwa mikono iliyolowa. Yageuze jua likihama."

Mimi nilianguka, Mtani. Nilianguka kweli, kati ya kochi na mdimu. Miaka arobaini unainamia tangazo la kazini! Lin naye alikuwepo, akafunika uso kwa mikono. Na wewe ukapangusa kioo kwa shati, ukairudisha karatasi msumarini, ukasema, "Kwani ulitaka baba aandike nini? Alikuwa kazini." Mwaka uliofuata ukaweka machungwa mawili.

Basi pale jikoni Lin akaniambia hata ile karatasi inatupwa, ni tangazo tu la samaki. Hapo nikasimama. Nikamwambia mimi ni mtani wa marehemu. Na mtani akifika msibani anachukua anachotaka ndani ya nyumba, hakuna wa kumzuia. Wafiwa wakikitaka, watakikomboa. Ndiyo desturi yetu.

Akanitazama vizuri, na swali lake lilikuwa zuri, nalikubali. "Wewe Mnyamwezi, Baba Mchina. Nani aliwapa utani?"

Nikamwambia tulipeana wenyewe. Kiwandani, kule tulikoshona viti vya magari, wiki yangu ya kwanza. Uliniona nimebeba marobota mawili, ukaropoka nyuma yangu kwa Kiswahili, "Mnyamwezi kapata mzigo, sasa roho yake imetulia." Sikuwa nimesikia Kiswahili miezi mitatu. Nikageuka kutafuta Mswahili, namkuta Mchina. Nikakutukana wewe na majongoo yenu yote, ukanijibu, nikakujibu, mpaka msimamizi akadhani tunapigana, akatutenga siku mbili. Sasa Wazaramo na sisi nani alitupa utani? Watu walikutana njiani na mizigo yao, wakatukanana, wakaona raha. Mbona hao hamuwaombi cheti?

Lin akainua mabega. "Chukua, Anko. Ijumaa kinachobaki kinaondoka."

Nilikwenda na kurudi siku tatu, mabasi mawili kila safari, na kile kitoroli cha sokoni cha Mama Kulwa. Mianzi ilisafiri wima kama abiria mwenye kiburi. Siku ya joka nililipakata, na dereva akaniuliza kama nalo lina pasi ya wazee ya kupanda bure. Nikamwambia linaizidi miaka pasi yake na basi lake.

Sasa kimbembe kilikuwa nyumbani. Mama Kulwa alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Baba Kulwa, hilo dudu halilali humu. Jumamosi wamama wanakuja kusali." Nikamwambia litasali nao. Hakucheka. Nikatoboa ukuta bila ruhusa ya kaunsili yenye nyumba wala ya mke. Nikatundika taa mbili zilizopona, nikamtundika changu wako, nikaweka karatasi ya baba yako juu ya televisheni ili wanaotazama mpira nao wainame kidogo. Mapazia ya kanga nikayafua mwenyewe. Mama Kulwa akalifunika joka kwa kitambaa cha kochi, kile cha kufuma, likabaki linachungulia kwenye matundu kama bibi harusi.

Jumamosi wakaja. Walisali jicho moja wazi. Mimi nilikuwa kwenye ngazi nasikiliza. Walipomaliza, mama mmoja Mkongomani mwenye sauti nene akauliza, "Mama Kulwa, hii mianzi unaipataje kuwa hivi? Yangu inakufa tu." Mwingine akaomba kitawi cha lile ua la majani manene. Na mke wangu, huyu huyu wa dudu, akajibu kwa madaha, "Hii ni mikono ya marehemu shemeji yetu." Leo nusu ya madirisha ya mtaa huu yana watoto wako, na hakuna hata mmoja uliyemtunza.

Wengine hawakunyamaza. Mwanangu Doto alinipigia simu kuniambia mzee wa miaka yangu anahitaji nafasi, si kujaza vitu vya maiti. Nikamwambia nafasi nitaipata ya kutosha hivi karibuni, tena futi sita, na haitakuwa na ua hata moja. Akakata.

Lakini nikwambie ukweli, Mtani, kila jioni nilikuwa naitazama ile sebule naona ina kasoro. Vitu ni vyako, mahali si pako. Nikahamisha mdimu, nikarudisha. Nikaona labda Lin alisema kweli, nimebeba mzigo wa mtu kwa sababu ya kuzoea kubeba.

Jumapili hii akaja. Miezi mitano hajakanyaga kwangu. Alisimama mlangoni na koti lake, hakuketi. Akazungusha macho polepole, kwenye taa, kwenye kanga, kwenye mianzi. Halafu akaenda kwenye joka, akaling'oa kitambaa, akaligeuza. "Lazima litazame birika, Anko," akasema kwa Kiingereza chake. "Baba alisema lisipoona mvuke linakasirika." Akamwondoa changu kwenye jua, akamtundika upande wa giza. Akauzungusha mdimu robo. Akavuta mtungi mmoja mbele kidogo tu, upana wa vidole viwili.

Na sebule ikakaa sawa, Mtani! Kumbe miaka yote ile, tulipodhani anatazama simu yake, alikuwa anakusoma.

Halafu akasimama mbele ya karatasi ya babu yake. Akasema amekuja kuikomboa. Akafungua mkoba. Nikamwambia funga mkoba wako, kwangu mtani hakomboi kwa hela. Nitukane. Kwa Kiswahili.

Akafunga mkoba. Unajua yule tangu mtoto anasikia kila kitu na anajibu kwa Kiingereza. Masikio yakawa mekundu, yale masikio yako. Mama Kulwa katoka jikoni na upawa, kasimama. Nikasema moyoni, nimeharibu tena, kama kule makaburini.

Akavuta pumzi. Akasema, neno moja moja, lafudhi ya Birmingham imeshika kila herufi: "Wewe mzee. Una uso kama kiazi kimesahauliwa chini ya sinki. Hata Mungu akikuona anarudisha mlango."

Mama Kulwa alidondosha upawa. Mimi nililia, nakwambia wazi maana wewe huna pa kwenda kutangaza. Nikaishusha karatasi, nikaifunga kwenye taulo safi, nikampa. Akaniambia ana ukuta wa kuitundika.

Lakini hakuishia hapo mwanao. Anatoka, anapita kwenye kabati, ananyakua redio yangu, ile ndogo nzuri, anaitia kwapani. Nikapiga kelele, "We! Mtani anachukua msibani! Mimi sijafa!"

Akageuka pale kwenye ngazi za nje, akanitazama juu mpaka chini.

"Nakusubiri," akasema. Kwa Kiswahili. Akaingia kwenye gari na redio yangu.

Kwa hiyo unaona. Na vilivyobaki havirudi kwa mtu yeyote. Nimewaambia Kulwa na Doto, nikiondoka humu, wa kuamua joka liende wapi ni Lin, na mwenye malalamiko ayapeleke kwake, atapewa jibu lake.

Haya lala, Mtani, wino wa watu unaisha. Nakuahidi jambo moja. Kila atakayeingia humu akashangaa, akauliza haya mapambo ni ya nani, nitamketisha nimwambie: ni ya bahili mmoja aliyekuwa anaiba kwenye karata, anakoroma kanisani, na deni lake la vicheko kwangu haliishi leo. Nitakusema vibaya kila siku nitakayopewa. Asiyetaka kukusikia, mlango ni ule pale.

Mimi mpagazi wako,
Baba Kulwa