Mabuti ya theluji na ukucha wa Mama

Jumamosi, Nkuhungu. Julai yenyewe hii: upepo tangu alfajiri, baridi ya kukunja vidole, na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria nilizozifunika kwa mikono yangu.

Leo nimegombana na Mama kwa sababu ya viatu.

Niandike vizuri, maana najijua, kesho nitajipa haki. Mama ana kisukari. Mwezi uliopita ukucha wa dole gumba la mguu wa kulia uligeuka mweusi, kisha ukang'oka, na yeye hakusikia kitu. Mimi ndiye niliyeona damu kwenye soksi wakati wa kufua. Daktari hakuzunguka mbuyu: safari hii kidonda kimekubali kupona, kingine huenda kisikubali, na mguu mzima unaweza kuondoka kwa sababu ya ukucha mmoja.

Kesho Aisha, binti wa kaka yangu, anaolewa. Na Mama ameshavipanga pembeni mwa kitanda vile viatu vyake vyeusi vilivyochongoka mbele, vilevile vilivyomtoa ukucha.

Asubuhi nilimletea vingine, vipana, vya ngozi laini, vyenye mkanda juu. Akajaribu cha kushoto. Akakaa nacho muda, akakivua, akakisukumia nyuma ya mlango.

"Viatu vya wagonjwa hivi."

"Kwani wewe ni nani, Mama, kama si mgonjwa?"

Ndivyo nilivyosema. Nikatoka nje kufagia uwanja katikati ya upepo, kazi ya kijinga kuliko zote Dodoma.

Kilichoniuma ni kwamba mwanamke huyuhuyu ndiye aliyewafundisha watu wa mji huu kuvaa viatu.

Nilikuwa darasa la sita ruksa ya kuleta bidhaa za nje ilipoingia. Kabla ya hapo kiatu kilikuwa bahati: ukipata zamu yako kwenye foleni ya duka, unachukua namba iliyopo, mguu utajua wenyewe. Kisha mitumba ikaja, na Mama akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kutandika turubai la viatu sokoni Majengo. Bibi yake alikuwa mtoto wa watu wa misafara, basi biashara alidai iko damuni. Mpaka leo nikisikia harufu ya robota la mitumba linalofunguliwa, ile ya dawa na ngozi kuukuu na nchi za mbali, nakuwa na furaha isiyo na sababu. Nimeikumbuka leo na ufagio mkononi, nikasimama.

Siku moja robota lilitoa mabuti ambayo hayajawahi kuonekana. Mekundu, ya plastiki ngumu, marefu hadi kwenye muundi, yana vifungo vya chuma vinne kila moja, mazito kama mawe ya kusagia. Soko zima lilikuja kucheka. Mmoja akasema ni ya wazima moto, mwingine akasema ya watu waliovunjika miguu.

Mzee Ndahani hakucheka. Alikuwa mfugaji wa upande wa Kongwa, mteja wa kila mnada. Aliyagonga kwa fimbo yake, akasikiliza.

"Hapa mwiba haupiti," alisema. "Na nyoka akijaribu, jino litavunjika."

Nani angembishia? Ukiijua migunga ya kule, utaona mzee alikuwa na akili timamu. Mama akamfungia vifungo vyote yeye mwenyewe na kumtakia baraka.

Juma lililofuata alirudi. Mabuti ameyaning'iniza kwenye fimbo begani, miguuni ana katambuga za tairi, na kucha za madole gumba yote mawili zimekuwa nyeusi kama zabibu. Nilimwamkia shikamoo nikashindwa kuondoa macho kwenye vidole vyake.

"Mama Zuhura," alisema, bila hata hasira, "kiatu ni kizuri. Ila hakijui kutembea."

Mama alimkalisha kwenye kigoda, akaagiza maji ya vuguvugu na chumvi kwa mama ntilie wa jirani, akamwosha miguu palepale mbele ya watu. Akamchagulia viatu vingine. Usiku ule hakula vizuri.

Aliyetufumbulia fumbo ni nesi wa kizungu aliyekuwa anaishi Mvumi. Alipoyaona yale mabuti alicheka mpaka akashika ubavu. Ni ya kutelezea kwenye theluji, akasema kwa Kiswahili chake kizuri, mlimani, kwa kujifurahisha.

"Watu wazima wanateleza makusudi?" Mama aliuliza. Sisi huku hata mvua tulikuwa tunaiomba. Kisha, kwa sababu ndivyo alivyo, akauliza la maana: sasa wao kucha zao zinaponaje?

Nesi akavaa buti moja kumwonyesha. Kucha zinakatwa fupi na kunyooshwa, pembeni haziviringwi. Soksi ni moja nzuri isiyo na mkunjo. Ya pili inabana tu mguu. Kisigino kinagongwa chini mpaka kikae nyuma kabisa, ndipo vifungo vinakazwa, hasa cha kwenye kifundo, ili mguu usiserereke mbele wakati wa kuteremka. Ukisimama wima vidole vinagusa ncha kidogo. Ukikunja magoti vinarudi nyuma. Visiporudi, kiatu si chako.

Basi! Kuanzia siku ile Mama akawa na sheria. Njumu, raba, viatu vya shule, vyote vilipita mle mle. Alifunga mkasi mdogo wa kucha kwa kamba kwenye mguu wa meza, na mtu mwenye kucha ndefu hakuuziwa kiatu cha kufunika mpaka azikate. Watu walimtania, wakamwita daktari wa vidole, na bado walirudi. "Jicho ni mpambe tu," alikuwa akisema, "mnunuzi ni mguu. Uulize." Na jioni ndipo alipopenda wajaribu, mguu ukiwa umeshavimba kwa kutembea.

Wazazi wa vijijini walikuja na bua la mtama lililokatwa kwa kipimo cha mguu wa mtoto aliyebaki nyumbani. Mama aliliingiza kwenye kiatu kwa heshima zote, utadhani mtoto mwenyewe yupo.

Nilikuwa najivunia sana. Sidhani kama niliwahi kumwambia.

Alasiri nilirudi ndani na chai. Mama alikuwa amekaa pale pale, viatu vyeusi mapajani. Nikapiga magoti.

"Mama, hivi ungemuuzia Mzee Ndahani?"

Nilidhani atanifukuza. Akavigeuza, akapitisha kidole kwenye ile ncha.

"Vile ulivyoleta nilivijaribu," alisema. "Nikauuliza mguu. Zuhura, mguu wangu hausemi tena."

Akaniambia hajui kama kiatu kinabana au kinapwaya. Vyeusi anavijua kwa macho, tangu miaka ile, ndiyo maana amevishikilia. Yeye, ambaye mji mzima ulikuja kumnyooshea miguu, hawezi kujua kiatu chake mwenyewe. Aliona haya kunieleza.

Na mimi nilimwita mgonjwa.

Nililia, sitaficha. Kisha nikachana boksi la sabuni, nikamsimamisha juu yake, nikauchora mguu wake kwa kalamu, tukakata ule mchoro. Saa kumi jioni, saa yake. Nikaliingiza boksi kwenye kiatu cheusi. Likajikunja pande zote mbili, na pale mbele, penye dole gumba, likavunjika.

Mama akalichomoa, akalinyoosha.

"Mteja," akasema, "kiatu hiki si chako."

Akanyoosha mkono nyuma ya mlango mwenyewe. Kwenye kile kipana boksi lililala, halikugusa ukuta wowote, na mbele likabakiza nafasi ya upana wa kidole. Akakagua mishono, akavuta mkanda, akasema rangi yake ni ya kusikitisha na kwamba niliyenunua kwake alinionea. Kisha akaitazama miguu yangu kwenye ndala, akaniagiza mkasi. Nimekatwa kucha leo kama mtoto wa shule, na nimetulia.

Viatu vipana vimepangwa pembeni mwa kitanda sasa. Kesho, kabla hajavaa, nitatia mkono wangu ndani mpaka mwisho nitafute kokoto, mkunjo, msumari, kitu chochote. Yeye atanyoosha mguu na kungoja, kama wateja walivyokuwa wakimngoja yeye.